Mwewe wa Mtaani Kwenu Anakula Nini Mwezi Huu?

Mama mmoja wa Kayole, jijini Nairobi, ametuandikia kwa uchungu. Kuku wake aliangua vifaranga tisa mwanzoni mwa Februari, na sasa katikati ya Machi amebaki na watatu. Sita walinyakuliwa na mwewe mchana kweupe, watoto wakipiga mayowe na kurusha viatu hewani. Mama huyo anauliza: je, ni sumu ipi atakayoipaka kwenye kipande cha nyama na kukiweka juu ya paa ili amkomeshe mwizi huyo kwa siku moja?

Msomaji, sumu hiyo hatutamtajia, wala si kwa kuwa tunamdharau. Vifaranga sita si mchezo. Kwa mama anayefuga nyuma ya nyumba, hiyo ni karo, ni mayai ya asubuhi, na ni kitoweo cha siku ya wageni. Lakini kabla ya mtu kumuua jirani, hata akiwa jirani mwizi, ni vyema ajue jirani huyo hula nini siku zile ambazo haibi. Ukianza kumfuatilia mwewe wa mjini mwezi baada ya mwezi, utashangaa. Meza yake hubadilika kwa mvua, kwa jua, kwa baridi na hata kwa kalenda ya shule, na kifaranga ni tonge moja tu kwenye sinia kubwa.

Kwanza tumtambue, maana wengi wetu humwita mwewe kila ndege mwenye kucha kali. Mwewe halisi ana rangi ya hudhurungi, mabawa marefu yaliyopinda kidogo, na mkia wenye panda. Huo mkia ndio kitambulisho chake. Mtazame akielea juu ya mtaa: huupinda huku na huku kama dereva anayezungusha usukani. Tai hana panda hiyo. Kipanga naye ni mfupi wa mabawa, hupita kati ya miti kama mshale akiwafuata njiwa, na mara nyingi ukishtuka amekwisha kupita. Mwewe akinyosha mabawa hufikia karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, lakini mwili wenyewe kwa kawaida haufiki hata kilo moja. Ushike uzito huo akilini, tutauhitaji tutakaporudi kwa vifaranga.

Mluo humwita otenga, Mkikuyu humwita rwigi, na katika jamii nyingi za nchi hii watoto wamesimuliwa kisa kile cha kuku aliyeazima sindano ya mwewe akaipoteza. Wengine husema ulikuwa wembe. Mwewe akaapa kwamba atachukua watoto wa kuku mpaka chombo chake kirudi, na ndiyo maana kuku hachoki kuparura ardhi. Kisa ni kizuri, ila kimempa mwewe sifa ya kuwa hana kazi nyingine isipokuwa kudai sindano.

Sasa tuanze na miezi hii tunayoimaliza. Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi jua la Nairobi huwa kali, nyasi hukauka, na wadudu hupungua. Panzi waliobaki hawana pa kujificha, na mijusi huota jua juu ya mawe na kuta za mawe mpaka jioni. Mwewe huishi kwa hao. Kando kando ya jiji, pande za Kitengela, Athi River na Ruai, watu huchoma nyasi kavu, na moshi ukipanda tu utawaona mwewe wakija kutoka kila upande. Hawaji kuota moto. Mbele ya ndimi za moto hukimbia panzi, panya, mijusi na vinyoka vidogo, na mwewe hushuka kuwadaka kama mtu anayeokota sarafu. Huko kaskazini mwa Australia wenyeji wamesema kwa miaka mingi kwamba mwewe wa kwao hubeba vijiti vinavyowaka na kuviangusha kwenye nyasi ambazo hazijashika moto, na mwaka 2017 watafiti walichapisha ushahidi wa watu walioyaona mambo hayo kwa macho yao. Wa kwetu hatujasikia akishtakiwa kwa kosa hilo.

Kuna jambo lingine la kiangazi ambalo wengi hawalijui. Mwewe unaowaona juu ya Nairobi mwezi wa Februari si wote wenyeji. Kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi, huja mwewe wageni kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi ya kwao, na hubaki Afrika mpaka karibu na Machi au Aprili. Ukitaka kuwatofautisha, tazama mdomo. Mwenyeji aliyekomaa ana mdomo wa manjano kabisa, kama ndizi mbivu. Mgeni ana mdomo mweusi wenye manjano pale tu unapoungana na uso. Usiwe na haraka ya kumhukumu lakini, maana hata mtoto wa mwewe wa hapa kwetu huanza maisha na mdomo mweusi.

Basi jumlisha mwenyewe. Midomo imeongezeka, wadudu wamepungua, nyasi zimekauka hata kifaranga hana pa kujificha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya jibu la mama wa Kayole. Kifaranga anayetembea juu ya udongo mtupu mwezi wa Februari, saa sita za mchana, ni kama chapati iliyoachwa mezani mlango ukiwa wazi.

Kisha mvua hunyesha.

Hapa ndipo ningependa utoke nje na watoto wako. Siku moja au mbili baada ya mvua za kwanza za masika, ardhi ikiwa imelowa na jua limechomoza kidogo, utaona vitundu vidogo vimefunguka kwenye nyasi, kando ya ua, hata katikati ya njia ya miguu. Mchwa wafanyakazi hutokea kwanza, wakilinda mlango. Halafu kumbikumbi hufoka. Hawatoki wawili watatu. Hutoka kwa mamia na maelfu, mabawa yaking'aa, wakipanda angani kama moshi mwembamba. Wengine, kwa aina yao, hungoja usiku, na hao ndio wale wanaokuja kuzunguka taa ya mlangoni mpaka ukafunga madirisha. Wale wa mchana ndio karamu ya mwewe.

Dakika chache tu na anga imejaa. Mwewe ambaye jana alikuwa peke yake juu ya mtaa sasa yuko na wenzake kumi, ishirini, thelathini. Hawapigani. Wanazunguka polepole, na ukiwakazia macho utaona mmoja anyoshe mguu mmoja mbele, aunyakue hewani kitu ambacho wewe hukioni, kisha ainamishe kichwa na kupeleka mguu mdomoni. Amekula huku akiruka. Hana haja ya kutua. Ananyosha mguu tena, anakula tena, na mabawa ya kumbikumbi yanaanguka chini yakipepea kama makapi ya mtama siku ya kupepeta. Ndege mkubwa namna hiyo kula mdudu mdogo namna ile huonekana kama kazi bure, lakini sivyo. Kila kumbikumbi ni mfalme au malkia mtarajiwa. Anaondoka nyumbani kwao akiwa amejazwa mafuta, kwa sababu akianzisha kichuguu kipya atakaa ndani ya chumba chake bila kutoka kutafuta chakula mpaka wafanyakazi wa kwanza wakue. Mwewe anachovuna ni hayo mafuta. Wasomaji wetu waliolelewa Kakamega, Busia au Siaya hawahitaji kuelezwa zaidi. Wao wenyewe wamekwisha kuwaza sufuria na chumvi.

Siku hiyo hakuna ndege anayelala njaa. Shore, kunguru, yangeyange, korongo wale wakubwa wenye vipara, hata paka wa jirani na kuku wa mama wa Kayole, wote huwa kwenye meza moja. Na katika siku hizo za kumbikumbi mwewe wengi huonekana kumsahau kifaranga kabisa. Sisemi kwamba vifaranga huwa salama. Mwewe ni mwewe. Nasema tu kwamba mwenye wali mezani haendi kuomba makoko.

Masika yakiendelea, meza hupanuka. Vyura hutoka kwenye mitaro na kuvuka barabara usiku, na asubuhi wengi wao wamelala juu ya lami, wamepitiwa na magari. Mwewe hupita barabarani alfajiri, kabla msongamano haujaanza, akiokota. Huko Kiambu na Ruiru trekta ikilima huwa na mwewe nyuma yake, kwa sababu jembe huwafukua panya, mafuko na funza wanene. Na pale askari wa jiji au mtunza bustani anapofyeka nyasi za masika zilizorefuka, panzi hukimbia, na mwewe yupo. Ni ndege anayejifunza haraka ni kazi gani ya binadamu inayomfaidi.

Juni hadi Agosti mambo hubadilika tena, na hapa mwewe hana raha. Nairobi ya Julai unaijua: mawingu mazito, baridi, manyunyu, jua halionekani mpaka mchana au halionekani kabisa. Mwewe hupanda angani kwa kutumia hewa moto inayoinuka kutoka ardhini, na ardhi isipopata jua hewa hiyo haipo. Ndiyo maana asubuhi za Julai utamwona ameketi juu ya mlingoti wa taa au juu ya tangi la maji, manyoya yamemvimba, saa nne imefika naye hajaruka. Kupiga mabawa mwenyewe kutwa nzima kungemchosha. Kumbikumbi hakuna. Panzi ni wachache. Kwa hiyo huishi kwa mizoga na takataka kuliko wakati mwingine wowote.

Na takataka tunazo. Jaa la Dandora limepokea uchafu wa jiji tangu miaka ya sabini, na mwewe hulijua kuliko maafisa wa afya. Vichinjio vya Dagoretti, na pale Kiamaiko panapochinjwa mbuzi, huwa na mwewe juu tangu saa za asubuhi, wakingoja vipande vya matumbo na utumbo vinavyotupwa. Anachukua mdogo mdogo. Kucha zake si kama za tai; hawezi kuua mbuzi wala kubeba mguu wa kondoo, na mara nyingi korongo na kunguru humnyang'anya. Huko Kisumu wenzake hukaa ufuoni wakingoja matumbo ya samaki. Wataalamu wa viwanja vya ndege hawafurahii hata kidogo makundi haya ya ndege juu ya majaa, kwa sababu mwewe ni miongoni mwa ndege wanaogongana na eropleni. Kosa hapo lakini si la mwewe. Aliyemwaga utumbo kando ya mto ana jina na leseni ya biashara.

Tukija kwa shule, wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watacheka kwa sababu wanajua ninachotaka kusema. Kengele ya mapumziko inalia, watoto mia tano wanamwagika uwanjani na mandazi, soseji, chapati na vibanzi mikononi, na mwewe wanne tayari wako juu ya bweni. Hushambulia kutoka nyuma, bila mlio, akishuka kwa kasi na kunyakua kwa mguu. Mtoto hugundua kwamba hana soseji kabla hajagundua kwamba kuna ndege. Shule zikifungwa mwewe hao hutawanyika. Zikifunguliwa hurudi, kana kwamba wamepelekewa barua ya mwalimu mkuu.

Tabia hiyo mwewe hakuzaliwa nayo. Watoto humfundisha. Mmoja hurusha kipande cha chapati juu ili aone anavyodaka, wenzake wanapiga makofi, na kufikia mwisho wa muhula ndege amekwisha kuelewa kwamba mkono wa mtoto ni sahani. Mwalimu anayetaka kumaliza taabu hiyo hahitaji manati wala askari. Apige marufuku mchezo wa kurushia ndege chakula, na awafanye watoto wale chini ya paa au chini ya mti wenye matawi mengi, kwa kuwa mwewe anahitaji nafasi ya kushuka na kupanda. Kama mtoto amekwaruzwa, oshea kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha mpeleke kwa muuguzi aangalie kama chanjo yake ya pepopunda ingali na nguvu. Kucha hizo zilikuwa jaani asubuhi.

Vuli ya Oktoba hadi Desemba hurudisha neema. Kumbikumbi hutoka tena, makinda ya ndege wadogo hujaa kwenye viota, na wageni kutoka ng'ambo huanza kuwasili wakiwa wamechoka na wana njaa. Kisha Krismasi huja na mbuzi wake. Mitaa mingi huwa imehamia mashambani, lakini penye mji uliobaki na kisu, mwewe hukosi kumwona juu ya ua akisubiri kipande cha pafu. Siku ya Idi ya kuchinja vivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye sumu, maana hilo ndilo swali lililoulizwa.

Nyama yenye sumu ikiwekwa juu ya paa haichagui. Mwewe ataila, na pia paka wa jirani, kunguru, mbwa atakayeokota mzoga wa kunguru, na mwewe wa pili atakayekuja kula mzoga wa yule wa kwanza. Kipande kikianguka uani, kuna mtoto anayetambaa. Wako wanaokumbuka ile dawa ya wadudu ya punje za zambarau, kabofurani, iliyouzwa madukani kwa jina la Furadan. Iliwekwa kwenye mizoga na wafugaji waliotaka kuua simba na fisi, ikaua pia tai mizoga kwa makundi. Punje moja tu yaweza kumuua ndege mdogo. Kampuni iliyoitengeneza ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaiondoa katika soko la Kenya. Jambo lililotufanya tuione hatari yake ni simba waliokufa. Ndege walikuwa wamekufa kimya kimya muda mrefu kabla ya hapo. Tena, ndege wa mwituni analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata akiwa juu ya paa lako.

Lakini sumu inayonitia wasiwasi zaidi si hiyo ya makusudi. Ni ile ambayo mimi na wewe huinunua dukani bila chuki kwa ndege yeyote, ile ya panya. Nyingi za siku hizi huzuia damu kuganda. Panya akila leo hafi leo. Hukaa siku tatu, nne, hata wiki, akivuja damu ndani kwa ndani, akizidi kuwa mzito na mlegevu, mpaka anatoka mchana akitembea kama mlevi. Ukiwa mwewe mwenye njaa mwezi wa Julai, panya wa namna hiyo ni zawadi. Anambeba, anamla na ini lake lililojaa sumu, au anawapelekea makinda kiotani. Panya mmoja pengine hatamuua. Ila sumu hizi hukaa katika ini kwa muda mrefu, na panya wa pili na wa tatu huongezea.

Waingereza wana somo katika jambo hili. Zamani mwewe wa kwao, aliye mwekundu kuliko wa kwetu, alijaa katika mitaa ya London akiokota takataka kama huyu wa Dandora. Baadaye wakaanza kumpiga risasi na kumtegea sumu kwa sababu ya kuku na ndege wa kuwindwa, na kufikia mwisho wa karne ya 19 hakuwapo tena akizaliana katika England. Iliwabidi kuanzia 1989 na 1990 kuleta makinda kutoka nchi nyingine, Hispania ikiwemo, ili kumrudisha. Amerudi, na sasa huonekana tena juu ya vitongoji. Na wakichunguza mizoga ya wale wanaookotwa wamekufa, hukuta mara kwa mara sumu ya panya ndani yao.

Hapa kwetu mwewe bado ni wengi, na ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba hawawezi kuisha. Lakini wenzake wanapungua. Watafiti waliolinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara za Kenya kati ya 1970 na 1977 na zile za 2003 hadi 2020 walichapisha matokeo yao mwaka 2022. Katika aina 22 walizoweza kupima, aina 19 zilionekana mara chache kuliko zamani. Wale waliokuwa wakikaa juu ya nguzo za simu kila kilomita chache, ambao wazee wetu waliwahesabu kutoka dirisha la basi, sasa waweza kusafiri kutwa usiwaone. Mwewe akiondoka, panya na mizoga ya barabarani haitaondoka naye.

Basi mama wa Kayole afanyeje? Unakumbuka uzito niliokwambia uushike. Ndege asiyefika kilo moja hawezi kumbeba kuku wa kilo moja na nusu, na hata mwanakuku wa miezi miwili na zaidi humpa taabu. Hatari iko katika majuma yale ya mwanzo. Kwa muda huo vifaranga na mama yao wakae ndani ya tenga au kibanda chenye wavu, hasa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni jua linapowaka na mwewe wanapoelea. Wavu wa kuvulia samaki uliozeeka hutosha kufunika ua mdogo, mradi ukazwe vizuri ili ndege wasinaswe. Pasipo na wavu, kichaka ni ngao: panda mihogo, ndizi, hata maboga yanayotambaa, vifaranga wapate pa kukimbilia mama yao anapotoa ule mlio wake wa hatari. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi ili mwewe asiwatambue. Sijaona aliyenithibitishia kwamba yafaa kila siku, lakini rangi isiyo na sumu haina ubaya, na watoto huipenda.

Zaidi ya yote, asitupe matumbo ya kuku wala vichwa vya samaki nyuma ya nyumba. Wengi wanaolia mwewe huwa wamemwalika wenyewe, akaja kwa utumbo akakuta vifaranga. Na kwa panya, mtego wa chuma na paka vinatosha nyumba nyingi, pamoja na kuziba matundu na kuweka unga kwenye mkebe wenye kifuniko. Ukilazimika kutumia sumu, tafuta maiti ya panya kila asubuhi na uifukie kina cha mkono. Usiitupe jaani.

Wanafunzi wanaotaka kuchunguza zaidi wana bahati, kwa sababu mwewe huacha risiti. Vitu asivyoweza kusaga tumboni, kama manyoya, mifupa midogo na maganda ya wadudu, huvitema vikiwa bonge dogo kavu, na mabonge hayo huanguka chini ya mti anaolala. Vaa glavu, au mfuko mkononi, loweka bonge katika maji yenye sabuni, kisha lifumue polepole kwa vijiti viwili juu ya gazeti kuukuu. Taya la panya utalijua kwa meno yake marefu ya mbele. Mguu wa panzi una misumeno. Manyoya ya kuku yakipatikana, mwite mama aone. Kumbuka tu kwamba bonge haliwi shahidi mwaminifu wa kila kitu: utumbo laini wa kichinjioni na soseji ya shule haviachi alama, kwa hiyo chakula hicho huhesabiwi usipokiona kwa macho.

Ndiyo maana daftari ni bora pamoja na bonge. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na alichokuwa nacho mguuni. Anza wiki hii kabla mvua haijashika, uendelee mpaka Julai. Kama unakaa karibu na Makavazi ya Kitaifa, uliza kuhusu matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege. Yalianzishwa mwaka 1971, na wanaoyaongoza wamezoea maswali ya watoto. Ukiona kumbikumbi wa kwanza wa masika kabla yetu, tuandikie utuambie ni mtaa gani, ni saa ngapi, na mwewe walikuwa wangapi.